King'ora Kililia, Mimi Nikapiga Mpira

Wachezaji wote walikuwa wanakimbia. Mimi, macho chini, nikapiga mpira.

Ukaingia shimoni taratibu kabisa. Nikainua mikono juu, nikicheka peke yangu kama kichaa.

Nilipogeuka, mwamuzi alikuwa mbele yangu, uso umemkunjamana.

Mimi sisikii, jamani. Masikio yalianza kunipotea nikiwa msichana, kama yalivyompotea mama. Mashine ya sikio inanipa mvumo tu, basi. Lakini gofu ndicho kitu pekee ninachokijua, na yale yalikuwa mashindano ya kupata kibali cha kucheza kwa kulipwa. Kwa umri wangu, nafasi nyingine haikuwepo.

Wakuu walinikubali kwa sharti moja. Radi ikikaribia uwanja, king'ora kinalia na kila mtu anaacha kucheza papo hapo. Ukipiga baada ya hapo, unaondolewa. Kwa hiyo kaka yangu, aliyekuwa ananibebea fimbo, ndiye awe masikio yangu. Kikilia tu, anainua kofia.

Kofia hakuinua.

"Sheria ni sheria, dada," mwamuzi alisema polepole ili nisome midomo yake. "Umepiga king'ora kikiwa kinalia. Umetoka."

Nililia. Nikapiga magoti kwenye nyasi, mtu mzima mimi, namwomba. Pembeni mchezaji mmoja akamwambia mwenzake, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," wakacheka. Walisahau kwamba mimi nasikiliza kwa macho.

Hasira zote nikamshushia kaka.

"Ulikuwa unawaza nini? Kazi yako ilikuwa moja tu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Nikamwambia kuanzia leo sina kaka. Akabeba begi langu la fimbo, akatangulia kuelekea maegesho, mvua inatunyeshea. Nikamfuata nimevimba.

Ndipo gari likaja nyuma yake. Dereva amegandamiza kiganja kwenye honi, mdomo wazi, anatukana. Kaka anatembea tu katikati ya njia. Hata shingo hakugeuza.

Niliruka nikamvuta kwa mkanda wa begi. Gari likapita likimpangusa kiwiko.

Tukatazamana.

"Tangu lini?"

Akainamisha kichwa, halafu akakumbuka kukiinua ili nione midomo yake.

"Mwaka jana. Ni ugonjwa ule ule wa mama; na mimi nasoma midomo sasa. Ningesema, wangekuzuia kucheza, na mwingine wa kukubebea ungempata wapi? Nikajiambia nitaangalia watu. Wakikimbia, nainua kofia. Lakini ulipojipanga kupiga, nikashindwa kukuondolea macho."

Nilimvua begi, nikalibeba mwenyewe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Kibali nilikikosa, na bado kinaniuma, sitadanganya.

Ila wewe unayesoma, kama kuna mtu anakubebea mzigo, usimuulize habari za mzigo tu. Muulize na za bega lake. Mimi miaka yote ile sikuwahi kumuuliza.