Pembe ya Bwanausi

Mpiga mbiu wa Mlingotini alikuwa Bwanausi, na pembe yake, wallahi, ilimwamsha hata mgonjwa wa homa. Lakini yeye hakuwa na amri. Zamani hizo jambo halikupigiwa mbiu mpaka lizungumzwe barazani kwa Jumbe Muhidini, mkuu wa mji; mwenye shamba na asiye na hata kuku, kila mtu na neno lake, wakibishana mpaka povu linawatoka. Pembe ikishalia, basi, hapana tena wa kupinga, maana wote walishasema.

Mwaka ule wageni waliposhika forodha ya Bagamoyo, akaletwa Mlingotini msimamizi wao, mtu asiye na subira. Akamwita Bwanausi. "Piga mbiu, watu wafagie njia." Bwanausi akapiga. Kufagia nako kuna ubaya gani? Mara likaja la kufunga mbuzi, mara la zamu kisimani. Watu wakatii, kwa kuwa wamezoea pembe haisemi ila lililokubaliwa. Baraza likapoa. Hata jumbe akawa anangoja pembe ilie ndipo ajue mji wake umeamua nini. Aibu gani hiyo, jamani!

Kisha msimamizi akataka bohari la kuwekea sandarusi, ule utomvu wa miti waliokuwa wakiuuza ng'ambo, na mahali alipopachagua ni makaburi ya watoto. Hapo ndipo alipozikwa Fatu, mwana wa pekee wa Bwanausi na mkewe Mwanvita. Bwanausi akajipa moyo: nitapiga tu, wenye mji watakataa. Akapiga.

Mwanvita akakimbia kwa jumbe, ukaya wake wa kichwani umeanguka.

"Shikamoo, jumbe. Nina neno. Mwanangu yuko pale!"

"Marahaba, mwanangu." Jumbe aliinamisha kichwa. "Umechelewa. Mbiu imeshalia, na ikishalia hatupingi. Ndiyo ada yetu."

"Mbona sikuulizwa?"

"Hata mimi sikuulizwa."

Bohari likajengwa. Mwanvita akafunga nguo zake, akarudi kwao Mkange. Bwanausi akamfuata, akamwomba radhi mbele ya nduguze, analia kama mtoto. Mwanvita hakumtukana.

"Nimekusamehe, mume wangu," alisema. "Lakini usiniambie nirudi. Pale mwanangu amelaliwa na magunia, na baba yake ndiye aliyewatangazia watu."

Bwanausi akarudi Mlingotini peke yake.