Siku Tatu Ambazo Sitaki Kulipwa

Jambo lote lilitugharimu cherehani moja, vitenge kumi na viwili na siku sita za njaa. Nimehesabu mara mbili. Cherehani na vitenge viliishia Lilongwe, kwenye kipimo cha moyo wa bwana yangu. Njaa ilikuwa yangu.

Daktari alituonyesha picha: mshipa mmoja unaolisha moyo umevimba, kama tairi ya kabaza inavyotoa tumbo kabla baiskeli haijamwangusha abiria. Nikauliza bei ya kuutengeneza. Akasema kwanza vidonge viwili kila siku, damu isigande mle ndani na kuziba mshipa. Nikaomba vipungue, kiwe kimoja.

"Mama, hapa si sokoni."

Kanisani kwetu, kambini Dzaleka, mgonjwa anaombewa kwa mfungo wa siku tatu, kavu, bila chakula wala maji, na yeye mwenyewe anatangulia, bibi yake anafuata. Bwana yangu ni mzee wa kanisa. Asubuhi ya kwanza nilikuta vidonge viko dirishani.

"Baba batoto, kunywa dawa."

"Nikimeza, nimekula."

"Kidonge kinashibishaka nani?"

"Na maji yake je?"

Kabla ya saa sita alishika kifua, jasho linamtiririka na amekaa tu. Dawa bado anakataa. Nilikimbia kwa pasta peku.

"Pasta, siku zake nitafunga mi. Tatu zangu, tatu zake."

"Mfungo hauuzwaka, mama."

"Siuzi, nabeba. Mutu akishindwa na mzigo, bandugu habamupokeaka?"

Akajikuna kidevu. Kujikuna kule nakujua: mteja ameshakubali, anaona haya kusema.

"Lakini kavu," akasema.

"Kavu. Na katikati nipumzike Jumapili."

Pasta alikuja mwenyewe kumwambia. Bwana yangu akameza, nikiwa nimeshika kikombe. Kliniki ya kambi ikaturudisha Lilongwe. Daktari akapima, akasema mshipa haujaziba, lakini tusiujaribu tena.

Nilifunga zote sita. Sasa amepata nguvu, na hapo njo kuna shida: kuanzia Jumatatu anataka kunirudishia siku tatu nilizombebea, kavu, bila kidonge. "Siwezi kukaa na deni la bibi yangu," anasema. Mi ambaye sijasamehe mtu hata kipimo cha chumvi, nimemwambia nimesamehe zote. Haamini, ananijua.

Wewe unayesoma, kama umewahi kumdai mtu na hutaki akulipe, nishauri: nimwambie nini kabla ya Jumatatu?