Gunia la Alizeti, Gunia la Mahindi

Fundi Klara hajawahi kupaka rangi kucha zake hata siku moja, lakini mkoba wake haukosi kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu. Anapaka nati. Akishakaza nati ya pembea huchora mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba la chuma. Siku akirudi akakuta mstari umeachana, nusu huku nusu kule, anajua nati imelegea hata kama kwa macho inaonekana imekaza. Wauza barafu wa pale getini humtania, "Fundi, na sisi tupake!" Yeye huwajibu kwamba wao walishalegea kitambo, rangi haitawasaidia.

Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu namshukuru, na kwa sababu nilichelewa kumshukuru. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, waulize majirani zangu. Mtu wa hasira husema asante kwa shida, maana kwanza inambidi akubali kwamba alikosea.

Bustani yetu ya watoto iko Singida Mjini, upande wa Ziwa Kindai. Mwenye mali ni Mzee Hosea, na mimi, Jenipher, ambaye wengi huniita Mama Peniel, ndimi msimamizi. Tuna mtelezo, tuna farasi wa mbao wanaozunguka, lakini kinachowaleta watu kutoka mbali kama Mkiwa ni pembea kubwa la kuzunguka: mlingoti wa chuma katikati, na viti kumi na viwili vinavyoning'inia kwa minyororo. Mota ikiwashwa viti vinazunguka, vinapanda hewani, na watoto wanapiga kelele hadi unatamani uwe mtoto tena.

Kila mwaka masika yanapoanza tunalifunga. Mvua inaingia kwenye vyuma, kutu inafanya kazi yake. Kabla ya kulifungua tena, anaitwa Fundi Klara.

Ana miaka hamsini na minne. Karakana yake ya kuchomelea mageti na madirisha haiko mbali na stendi. Amezaliwa Manyoni, na baba yake, marehemu Simeoni, alikuwa mkaguzi wa mabehewa pale stesheni. Kazi ya baba huyo ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama, mkononi nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Klara ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Akawa anachelewa kurudi nyumbani, mama akagombeza weee, kumbe mtoto anasikiliza magurudumu na baba yake. "Chuma kizima kinaita," Simeoni alimfundisha. "Kilichopasuka kinakohoa." Nyundo ile ile ndiyo anayotembea nayo mpaka leo, mpini tu umebadilishwa mara mbili.

Utaratibu wake haupindiki. Kwanza anagonga kila chuma. Kisha pembea linazunguka tupu, mizunguko thelathini. Kisha linazunguka na mzigo, gunia moja la mahindi kila kiti, maana gunia la mahindi lina kilo mia na ushee. Kiti kikibeba hilo, hakitashindwa na watoto hata wakikaa wawili kwa ubishi wa sikukuu. Mwisho anapanda mwenyewe. Ndipo anasaini daftari la ukaguzi, na mimi msimamizi nasaini chini yake.

Mwaka jana tulipanga kufungua siku ya Idd ya kuchinja. Siku mbili kabla yake Fundi Klara alikuwa juu ya ngazi, anakagua breki ya mota, na mimi kazi yangu ilikuwa kuleta magunia. Kila mwaka tuliazima mahindi kwa wafanyabiashara wa sokoni. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa, jua kali, simu ya mwenye mahindi haipokelewi. Jirani yetu ana kinu cha kukamua mafuta, na uani kwake magunia ya alizeti yamepangana hadi kwenye bati. Nikaongea naye, akakubali mara moja. Yeye na Frank, kijana wetu anayeendesha mtambo, wakayavusha ukuta. Tukayafunga vitini kwa kamba. Nikajisemea gunia ni gunia.

Naomba msomaji anivumilie niseme hapa nilivyo mjinga. Mimi ni mtoto wa Ikungi. Nimekua nikibeba alizeti kichwani kutoka shambani. Hakuna mtu katika mkoa huu asiyejua kwamba gunia la alizeti limejaa hewa, kilo sitini na kitu, basi. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, ila siku hiyo nilikuwa nahesabu magunia, sikuwa nahesabu uzito.

Fundi Klara aliposhuka alikuta magunia kumi na mawili yameshonwa midomo na kufungwa vizuri. Hakuyagusa. Pembea likazunguka, hakuna kilicholia. Akapanda mwenyewe, akashuka, akasaini. Nikasaini.

Siku ya Idd watu walianza kujaa mara tu baada ya swala. Watoto wa kanzu mpya, wasichana wa hina, na sisi Wakristo tuliokuja kula sikukuu ya wenzetu kama wao wanavyokula Krismasi yetu. Mwanangu Peniel, binti wa miaka tisa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilimwahidi kiti namba nne tangu masika, na tangu masika hakunipa amani.

Fundi Klara alikuja kwa ukaguzi wake wa asubuhi, ule mfupi wa kutazama mistari ya rangi. Nilimwamkia, "Shikamoo Fundi." Akaitika marahaba huku macho yake yako chini. Kuku watatu wa mlinzi walikuwa chini ya pembea, wanadonoa kwa bidii. Akainama, akaokota mbegu moja nyeusi, akaiweka kiganjani.

"Mama Peniel, yale magunia yalikuwa ya nini?"

"Ya alizeti," nikasema. "Kwa nini?"

Alikwenda kwenye swichi kubwa, akaizima, akafunga kisanduku chake na kuutia ufunguo mfukoni mwa ovaroli.

"Leo halifunguliwi," akasema. "Sijalipima."

Sijui hasira ilinitoka wapi. Labda ni ile foleni, labda ni uso wa Peniel. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anaringa. Nikamwambia chuma ni chuma, hakina macho ya kutofautisha mahindi na alizeti. Nikamwambia, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba mwanamke asiye na mtoto mdogo nyumbani hawezi kujua uchungu wa kumnyima mtoto sikukuu. Watu wakaguna. Frank akanivuta mkono, "Madam, punguza jazba, watu wanarekodi."

Fundi Klara aliweka mkono juu ya mfuko wenye ufunguo.

Mzee Hosea akafika, ameitwa na kelele. Ni mtu mzito, akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. "Nimetangaza redioni kwamba leo tunafungua," akasema. "Nani kaharibu?"

Hapo nilipaswa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu, hata mtoto angeiweza. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nafikiria kazi, nafikiria ada ya Peniel, nafikiria nitaanzia wapi. Na katika ule ukimya Fundi Klara akasema:

"Ni mimi, Mzee. Mzigo haukutimia. Nilisaini bila kuupima."

"Wewe? Miaka sita yote?"

"Ni mimi."

Mzee Hosea akaagiza mahindi kutoka ghala lake mwenyewe, yakaletwa kwa guta. Watu wakasogezwa nyuma ya uzio. Peniel alikuwa analia kwa sauti kubwa, na mimi nilikuwa nimenuna, naapa, nilikuwa bado nimenuna. Magunia yakafungwa. Fundi Klara akamkabidhi Frank ufunguo, akasimama na nyundo yake kwapani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa akipumua.

Mzunguko wa kumi na moja alinyanyua mkono. "Zima!"

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Frank alizima, lakini pembea halisimami papo hapo. Lilikuwa bado linazunguka, ndipo ule mkono wa chuma unaoshika kiti namba tisa ulipoachia. Kiti, minyororo na gunia viliruka pamoja, vikapita juu ya mtelezo, vikaangukia kwenye ukuta wa choo. Gunia likapasuka. Mahindi yakamwagika mpaka kwenye miguu ya watu waliokuwa nyuma ya uzio.

Hakuna aliyepiga kelele. Kitu nilichosikia ni kuku wakikimbilia mahindi.

Ufa ulikuwa ndani ya sehemu iliyochomelewa, chini ya rangi tabaka tatu. Fundi Klara alinionyesha baadaye. "Nyundo inasikia mengi, haisikii yote," alisema. "Ndiyo maana tunapakia mzigo."

Kilikuwa kiti namba tisa, siyo namba nne. Nimeshaulizwa sana hilo, kana kwamba lingenipunguzia kitu. Watoto kumi na wawili na zaidi wangekaa kwenye viti vile, wengine wawili wawili, na kila kiti kina mama yake nje ya uzio. Nilimkumbatia Peniel mpaka akasema, "Mama, unaniumiza."

Na bado sikusema. Mzee Hosea aliandika daftarini kwa mkono wake: kosa la fundi, hakuhesabu mzigo. Akamwambia Fundi Klara amshukuru Mungu hakuna aliyeumia, na kwamba tangu sasa atatafuta fundi mwingine. Fundi akasema, "Sawa Mzee," akakusanya vitu vyake. Ndani ya wiki hiyo, watu wawili waliotaka kumpa kazi ya mageti walibadili mawazo. Singida ni mji mdogo, maneno yanafika kabla ya mwenyewe.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne nikanunua kuku kwa mlinzi wetu, mmoja wa wale watatu, nikaenda karakana. Nilimkuta anasugua dirisha kwa msasa. Nikamwamkia, nikaweka kuku chini, na maneno niliyoyapanga njia nzima yakanipotea. Nikalia. Nikamwambia asante kwa mwanangu. Nikamwambia naomba msamaha kwa yale niliyosema. Nikamuuliza kwa nini alinibebea.

"Una mtoto wa kusomesha," akasema. "Wangu wamekua. Halafu sikukubebea chote. Ningelinyanyua gunia moja tu kwa mkono, ningejua. Sikunyanyua."

"Nikufanyie nini, Fundi?"

Aliweka msasa chini. "Asante yako nimeipokea, na kuku nimempokea. Ila lile daftari linasema uongo. Sisemi kwa ajili yangu. Mimi nitachomelea mageti, nitaishi. Lakini kesho atakuja fundi mwingine, atasoma kwamba Klara hakujua kuhesabu, atacheka, ataendelea. Hatajua habari ya alizeti. Na kinu kile bado kiko pale pale ukutani."

Niliondoka hapo moja kwa moja hadi dukani kwa Mzee Hosea. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, kuanzia simu isiyopokelewa. Alinisikiliza huku akizungusha kofia yake mikononi.

"Kwa hiyo nimemfukuza fundi kwa kosa lako."

"Ndiyo, Mzee."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Aliwahudumia wateja wawili walioingia. Kisha akavaa kofia. "Twende kwake. Mimi nitamwomba radhi. Kuhusu wewe, ataamua yeye."

Fundi Klara aliamua akiwa hajaacha hata kazi aliyoishika. "Abaki," alisema. "Huyu ndiye mtu pekee mjini ambaye hataleta alizeti tena."

Mzee Hosea alicheka kwanza, ndipo na mimi nikathubutu. Kuku alikuwa bado yupo, amefungwa mguu kwenye meza ya kazi. Yupo hadi leo, na vifaranga. Fundi anasema hawezi kumchinja mkaguzi mwenzake.

Mikono yote kumi na miwili ya pembea ilikatwa na kuchomelewa upya. Daftari niliandika mimi, ukurasa mzima, kwa herufi kubwa: gunia la alizeti siyo gunia la mahindi, aliyekosea ni Jenipher, msimamizi. Safari hii tuliazima mizani. Kila gunia lilipimwa na kilo zake nikazinakili moja moja. Mizunguko thelathini tupu, thelathini na mzigo, kisha Fundi Klara akapanda peke yake, ameshika minyororo kwa mikono miwili, amekaza uso kama yuko kanisani siku ya ubatizo. Aliposhuka akasaini, na mimi nikasaini chini yake.

Jumamosi tulifungua. Sijawahi kufunga mkanda wa mtu kwa uangalifu kama nilivyoufunga wa Peniel. Alitaka kiti namba tisa, nikamkatalia, nikafikiri, nikamkubalia. Watoto wengine walipokwisha kukaa, Frank akanitazama akingoja ishara. Nikamwambia asubiri kidogo. Yale maneno mabaya niliyasema mbele ya watu, kwa hiyo na haya yalipaswa kusemwa mbele ya watu. Nikageukia pale alipokuwa amesimama na mkoba wake, nikapaza sauti ifike hadi kwa wauza barafu.

"Fundi Klara! Kosa lilikuwa langu, na watoto hawa wako hai kwa sababu yako. Asante!"

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeona aibu. Kisha akausogelea mlingoti, akaugonga mara moja kwa nyundo ya baba yake, akasikiliza. Chuma kikaita. Akanipa ishara kwa kidole, nami nikampa Frank, na mwanangu akapanda hewani akipiga kelele.