Kidude cha Nchi za Baridi

Mke wangu alisema gari likichemka tena mara moja, linauzwa. Nikabembeleza ziwe tatu. Tukaelewana mbili, na ya kwanza nikaitumia siku ileile, kabla sijatoka Tabata.

Ni gari la Kiingereza la michezo, viti viwili, umri wake unazidi wangu. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka Kinondoni, baada ya miezi minne ya kumshusha bei. Nadhani aliniachia ili nisirudi tena dukani kwake. Kwenye foleni lilikuwa linapandisha joto kidogo, si la kutisha. Fundi wangu akaosha rejeta, kisha akachomoa themostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

"Braza, hiki kidude cha nchi za baridi," alisema. "Dar hii, injini ya kupashwa moto ya nini?"

Mafundi wengi mjini hukichomoa, nami nikaona ana akili. Tangu siku hiyo gari likawa linatoa mvuke kama chungu cha makande.

Nina tabia moja: kila kinachotolewa kwenye gari langu nakihesabu gereji, naondoka nacho, nakihesabu tena nyumbani. Vyote vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipobakiwa na mchemko mmoja, nilimwaga kopo mezani, nikaona kile kidude kina pete kiunoni. Vya magari mengine niliyowahi kumiliki havikuwa na pete. Nikakirudisha kwa fundi.

Tulimwomba mama ntilie wa jirani, tukakitumbukiza kwenye maji yake ya chai. Kilipopata moto kikafunguka, na pete ikashuka taratibu. Fundi akachungulia kilipokuwa kinakaa. Pembeni palikuwa na tundu, na pete ikishuka inaliziba. Bila pete, maji yalikuwa yanapita tunduni na kurudi injini bila kwenda kupoa, kama mtu anayezunguka Kariakoo kutwa hanunui kitu.

"Kwa hiyo tuliacha tundu wazi," akasema.

"Tuliacha?"

"Mie nilichomoa. Wewe ulisifia."

Kikarudishwa. Jumapili tukaenda Msasani kwa dada yake mke wangu. Nilipakia chupa sita za maji. Nikazihesabu, nikazihesabu tena. Yeye alikaa amepakata mkoba, macho kwenye geji ya joto.

Ubungo foleni ikasimama. Sindano ikapanda, ikaukaribia wekundu, na mie nikaanza kufikiria nani atalinunua na atanishusha kiasi gani. Mke wangu akanyoosha mkono, akawasha hita.

"Unafanya nini?"

"Fundi wako kaniambia. Inavuta joto la injini. Endesha, mzee."

Juani, saa saba mchana, hita inatupulizia miguuni. Nywele alizotengeneza jana yake zikaanza kumlalia shingoni. Hakuizima. Sindano ikasita, ikarudi nusu kidole.

Msasani tulifika tumelowa kama tumetoka kuogelea. Nikafungua boneti: pakavu. Akachukua chupa moja, akanywa nusu, iliyobaki akanipa.

"Bado una ule mmoja," akasema.

Nikamwomba arudishe na ule wa kwanza. Akasema atafikiria.