Vema ya Bibi

Muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa mkali kama pilipili. Mama asiyejua mwanawe alianza kukaa lini alitolewa macho. Lakini kadi ya mjukuu wake wa miezi kumi aliijaza mwenyewe, bila kumpima: anacheka, anakaa, anageuka akiitwa. Vema, vema, vema. Mjukuu wa muuguzi akose nini?

Siku moja jikoni sufuria ilimponyoka, ikaanguka kwa kishindo. Paka alitimua mbio. Mjukuu, aliyempa mgongo, hakugeuka. Aliendelea kuchezea kijiko.

“Mama, nini kimeanguka?” binti yake aliuliza kutoka sebuleni.

“Mvalishe mtoto, twende akapimwe masikio. Na niletee kadi yake na kalamu. Kuna mahali nimedanganya.”