Vifungo Sita na Jogoo wa Radi

Nilipokuwa na miaka minane niliamini kwamba radi ni jogoo. Sisemi kitu kinachofanana na jogoo, nasema jogoo mwenyewe, mwenye kilemba chekundu na makucha. Bibi yangu, aliyenilea pale Buzebazeba, Kigoma, alinieleza habari zake kwa utulivu ule ule aliotumia kunifundisha kuosha dagaa. Alimwita inkuba, kama Waha wa umri wake wote wanavyoiita radi. Mawingu yakijikusanya upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, ujue inkuba ameamka. Akishuka hashuki ovyo. Anatafuta kitu cha wizi, anaparua ardhi mpaka akione, na aliyekaa nacho ndiye anayeumia.

Kwa hiyo dalili za mvua zilipoonekana, nyumba yetu ilikuwa na kazi. Kioo kinafunikwa kwa kanga. Nguo nyekundu zinakwenda chini ya godoro. Redio inazimwa. Kisha Bibi anaketi kwenye kigoda katikati ya chumba, mikono magotini, akiwa na uso wa mtu ambaye hajawahi kugusa cha mwenzake. Nami naketi karibu yake, najaribu kuuweka uso wangu vivyo hivyo.

Haikunisumbua mpaka mwaka nilioiba vifungo.

Vilikuwa sita, vya njano, vinang'aa kama pete. Mwenyewe alikuwa Fundi Hamimu, mshonaji wa nguo, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye futi shingoni siku zote hata akienda sokoni. Binti yake Mwajabu alikuwa rafiki yangu, na tulizoea kucheza barazani huku baba yake akishona. Vifungo vyake vilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja Fundi aliingia ndani kunywa chai, Mwajabu akaenda kuchota maji, na mkono wangu ukaingia kwenye kopo. Sikuwa hata na nguo ya kuvitia. Nilivitaka tu kwa sababu vinang'aa. Nikavificha kwenye tundu la ukuta wa jiko letu, kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba.

Siku ya nne radi ikapiga kwa Fundi Hamimu.

Ilikuwa alasiri. Yeye alikuwa msikitini, na mkewe na Mwajabu walikuwa wamekwenda Ujiji kwa ndugu zao. Radi ilipiga mchikichi uliokuwa karibu na paa, ikarukia bati, ikashukia barazani. Hakuumia mtu. Lakini meza ya cherehani iliungua, chuma chenyewe kikawa cheusi, gurudumu likagoma kuzunguka, na vitambaa vya wateja kadhaa vikawa majivu.

Mvua ilipokatika, mtaa mzima ulikuwa pale uani. Bibi alisimama mbele, maana kwa mambo ya inkuba yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu. Aliinama, akatazama mikwaruzo kwenye sakafu, akainuka polepole.

"Makucha haya hapa," alisema. "Kuna kitu cha watu humu."

Nilirudi nyuma ya watu. Lakini hakuna aliyenitazama mimi. Kila mmoja alikuwa anafikiria kitambaa chake, kwa sababu fundi nguo ni mtu anayeshukiwa hata jua likiwa linawaka.

"Mimi nilijua zamani," alisema Mama Shani, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza mawese. "Nilimpelekea kitenge kizima. Gauni likarudi hata kukaa nalo siwezi."

Hakusema kwamba tangu apimwe mpaka aende kulichukua ilipita karibu miaka miwili.

Mzee Bilali, mjumbe wetu wa nyumba kumi, akakohoa. "Na suruali yangu, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake."

"Sasa kama ni mrefu, si alikuongezea?" aliuliza kijana mmoja aliyekuwa nyuma.

Mzee Bilali akamgeukia Bibi. Bibi akamsaidia. "Aliongeza huku ili msione alikopunguza kule."

Watu wakatikisa vichwa, wameridhika. Hadi leo sijui mtu angejitetea vipi mbele ya hoja ya namna ile.

Wakati huo Fundi Hamimu akatokea mbio, kanzu imelowa hadi magotini. "Kuna aliyeumia?" aliuliza. Watu walimpisha njia. Alipita katikati yetu, akasimama mbele ya cherehani yake, akalijaribu gurudumu kwa kiganja. Halikusogea. Alijaribu tena, halafu akaivua futi shingoni na kuikunja vizuri, kama vile siku ya kazi imekwisha.

Wiki zilizofuata mtaa ulifanya kazi moja, kupima nguo. Watu walitoa masandukuni magauni ya harusi za zamani, wakayapima kwa shubiri, na kila aliyepima aligundua kuwa ameibiwa. Sikusikia hata mmoja aliyepima akakuta kitambaa kimetimia. Mwajabu akawa anacheza peke yake, kwa kuwa Bibi alinikataza kwenda kwao, na Mama Shani akawakataza wa kwake. Mkewe Fundi akipita kisimani, mazungumzo yanakatika.

Fundi mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha vitambaa vilivyopona. Alikuja na kwetu.

"Shikamoo Mama," alisema mlangoni. "Kitenge chako kilikuwa kabatini, hakikuguswa na moto. Sina cherehani tena. Nimeona nikuletee, umpe fundi mwingine."

"Marahaba," alisema Bibi. Alikipokea kwa vidole viwili, akakinusa. Hakumkaribisha kuketi, na hilo kwa Bibi, ambaye alimkaribisha kuketi hata muuza samaki aliyemchukia, lilikuwa jambo kubwa.

Fundi alinitazama kidogo pale nilipojificha nyuma ya pazia, kisha akaenda zake.

Nami nilikuwa na shida zangu. Nilikuwa nimefanya hesabu ya kitoto na ikanipa jibu baya. Jogoo alishuka kutafuta vifungo, akaanzia vilikotoka, hakuvikuta. Sasa yuko njiani.

"Bibi," nilimuuliza jioni moja, "inkuba akikosa nyumba, hurudi?"

"Hurudi. Yule hasahau."

"Na kama kitu chenyewe ni kidogo?"

"Hata sindano," alisema Bibi, akaendelea kusonga ugali.

Nilitaka kuvirudisha, lakini kopo lilikuwa limeungua pamoja na vifungo vingine vyote, na kumrudishia mtu vifungo sita wakati hana kingine chochote kilionekana kama kumcheka. Nikaamua kukaa mbali na jiko. Bibi akinituma kuleta mwiko, nazunguka nyumba mara mbili nikikagua mawingu, halafu naingia mbio na kutoka mbio. Alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ya majani kwa siku tatu. Niliinywa bila kulalamika. Niliona nimestahili.

Jogoo alikuja adhuhuri ya Jumamosi. Mvua ilikuwa bado haijadondoka. Tulikuwa tumeketi ndani, kioo kimefunikwa, nyuso zetu zimetulia, mara dunia yote ikawa nyeupe na mlio ukanikaa kwenye meno. Tulipotoka, paa la nyasi la jiko lilikuwa linawaka na ukuta mmoja umelala chini.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Fundi Hamimu, na ndoo ya maji mkononi, na Mwajabu nyuma yake na sufuria. Wa pili alikuwa mkewe. Wao watatu na sisi wawili ndio tuliozima ule moto. Mtaa wote ulifika pia, lakini ulisimama kwenye uzio, ukitazama.

Moto ulipokuwa umebaki moshi tu, Mzee Bilali alijongea kuchungulia, Mama Shani ubavuni mwake. Kutoka ndani ya ule moshi akatoka jogoo. Mweusi tii, kilemba kimesimama, manyoya ya mkia yamebaki mawili. Alisimama kizingitini, akajikung'uta, akatutazama mmoja mmoja.

Sijapata kuona watu wazima wakitawanyika vile. Mzee Bilali aliruka uzio ambao miaka yote alikuwa akiuzunguka akilalamika mgongo. Mama Shani alikimbia hatua tatu, na lile gauni, ambalo alikuwa amelivaa siku hiyo, likapasuka kuanzia kwapani hadi kiunoni kwa sauti tuliyoisikia wote. Mimi nilijilaza chini kifudifudi nikisubiri makucha.

"Huyo ni jogoo wangu," alisema Bibi kwa uchovu. "Hulala jikoni. Ana masizi."

Watu walirudi mmoja mmoja, wamekasirika kidogo, kama watu wowote waliochekesha bila kukusudia. Na kwa kuwa walikuwa na hasira, ndipo maswali yalipoanza.

"Mama Tadeo," Mzee Bilali alimwambia Bibi, akipangusa kanzu, "unazijua hizi kazi kuliko sisi. Kuna kitu cha mtu humo?"

Bibi aliutazama ukuta ulioanguka.

"Ungo wangu aliuazima," alisema Mama Shani, amejishika ubavuni ili nguo isiachie. "Mwaka juzi."

"Ungo nilikurudishia."

"Ulirudisha mwingine. Wangu ulikuwa mkubwa."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa amesimama mbele ya jiko lake lililoanguka, kanga imelowa, vyungu vyake vya miaka yote vipande vipande miguuni, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa ni mzee. Alianza kueleza habari za ungo. Lini aliuchukua, lini aliupeleka, nani alimwona akiupeleka. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumtazama kama mwizi. Sikuweza kuvumilia.

"Ni vifungo," nilisema. "Ni mimi. Viko ukutani."

Nikaenda kwenye ule ukuta uliobaki, nikavitoa tunduni, nikanyoosha mkono. Vyote sita vilikuwa vizima.

"Kumbe," alisema Mama Shani taratibu. "Kumbe ni mtoto. Basi ndiyo maana."

Minong'ono ikapita kwenye uzio. Nilimwona mama mmoja akimvuta mwanawe karibu na sketi yake. Bibi alivitazama vile vifungo, akanitazama mimi, kisha akawatazama wao. Angeweza kunyamaza. Itikadi yake ilikuwa imethibitika mbele ya mtaa mzima, na yeye mwenyewe alikuwa hana hatia. Kitu pekee kilichotakiwa ni kuniachia mimi lawama yote.

"Mtoto wa miaka minane," alisema, "achukue vifungo sita, ndipo moto wote ule utoke Kongo uje kumtafuta? Inkuba ni mvua. Inapiga kilicho karibu nayo. Nendeni nyumbani."

"Lakini Mama Tadeo," alisema Mzee Bilali, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda mambo yaende kwa utaratibu, "wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia."

"Niliwaambia. Siku ile ilikuwa nyumba ya mtu mwingine."

Mvua ikaanza kudondoka, wakaondoka. Alibaki Fundi Hamimu, amejikinga barazani kwetu, ndoo bado mkononi. Bibi alinisukuma mbele yake.

"Mwombe radhi."

Nikaomba. Fundi akachukua vifungo, akavihesabu kwa dole gumba.

"Vimetimia," alisema. "Jioni ile ile vilipotoweka nilijua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa barazani."

Bibi akashtuka. "Ulijua? Na siku zote hizi tunakuita mwizi?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukusema?"

Fundi akavitia vifungo mfukoni. "Ningesema nini? Nimeona mlivyonifanya mimi, mtu mzima. Huyu ni mtoto."

Bibi hakuwa na mazoea ya kuomba msamaha, wala hakujua mtu anaanzia wapi. Aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kile kitenge. "Cherehani yako ikipona," alisema, "nishonee. Nitasubiri." Kisha akaburuta kigoda mpaka mbele ya Fundi. "Kaa, Fundi. Kaa kwanza."

Alisubiri miezi mitano. Fundi mmoja wa mjini Kigoma aliifungua ile cherehani, akaisugua kutu na masizi, ikaamka. Mama Shani alikuwa wa kwanza kurudi, maana gauni lilihitaji kushonwa, na safari hii alikubali kupimwa upya. Wengine hawakurudi. Ziko familia mbili pale mtaani ambazo mpaka leo zikimtaja zinasema yule fundi wa radi, na ukiwauliza alikosa nini, wanasema lazima kulikuwa na kitu.

Mimi nilifagia baraza la Fundi likizo nzima, nikiokota pini sakafuni pamoja na Mwajabu. Nilidhani ndipo somo langu lilipoishia. Lakini tabia ile ya kumtafutia aliyeumia kosa haikuisha. Mwezi uliopita jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma hii hii, kijana dereva wa bodaboda, alianguka akavunjika mguu. Tulikuwa tunachagua mchicha, wanawake wanne, na kabla hatujauliza amelazwa wapi, mmoja aliuliza alikuwa amefanya nini. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Si unajua wanavyokimbiza pikipiki hao." Sikuwepo. Sikumwona akikimbiza chochote. Nadhani nilitaka tu kuwe na sababu, na sababu iwe yake, ili mimi na wanangu tuendelee kupanda bodaboda bila hofu. Bibi na uso wake pale kwenye kigoda, naye labda hakuwa anatafuta kingine.

Jioni nikapika supu ya kongoro, nikampelekea. Alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu una bandeji ngumu hadi pajani. Sijaketi vizuri, akaanza kunieleza kwamba hakuwa amelewa, kwamba alikuwa anakwenda taratibu, kwamba lile shimo halikuwepo juzi. Alieleza haraka haraka, macho kwangu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi siku hiyo.

Nilikuwa sijamuuliza. Nikamwambia anyanyuke kidogo anywe, supu inapoa.