Gati la Kufulia Mazulia, Lepolahti

Hilkka Ruuskanen alifagia madarasa ya shule ya Lepolahti, mji mdogo kando ya ziwa, mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kiangazi kimoja alisema, na mji mzima ukasikia.

Chanzo kilikuwa gati la kufulia. Kila Juni wanawake walileta mazulia ya matambara waliyoyafuma wenyewe, wakayatandaza juu ya mbao, wakayasugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, wakayasuuza ziwani. Kahawa ilichemka pembeni. Mikate ya iliki ililiwa kwa mikono yenye povu. Gati lilikuwa la wote, na hakuna aliyewahi kuuliza ni la nani.

Ikaja kampuni ya boti. Baraza la mji likaikodishia ufuo ijenge maegesho ya boti za starehe. Sawa, watu walisema, ziwa ni kubwa, boti nazo zina haja ya pa kulala. Gati letu libaki tu. Baraza likajibu kwamba litabaki kama bado linatumika. Wajumbe watakuja kujionea kabla ya Juhannus, sikukuu ya kiangazi. Wakilikuta tupu, linakwenda kwa kampuni.

Haikupita wiki, kampuni ikaweka uzio, na lango, na kufuli.

Hilkka alifika na zulia la jikoni begani, akasimama mbele ya kufuli lile. Meneja Lindroos, kijana wa kusini mwenye viatu vyeupe, akatoka ofisini.

"Bi Ruuskanen, hapa sasa ni kwa wateja. Ni mambo ya usalama."

"Usalama wa nani? Nimefua hapa tangu niolewe, sijamng'ata mtu."

"Kwani nyumbani huna mashine ya kufulia?"

"Ninayo. Na wewe kwako huna bafu? Mbona kila siku unakuja kuoga ziwani?"

Lindroos akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma. Mtu anafunga mlango, kisha anawaambia wakubwa hakuna anayeingia!

Siku hiyo hakula. "Wanatuibia mchana kweupe," alimwambia mumewe.

"Tupeleke malalamiko."

"Kwa nani? Kwa hao hao?"

Lakini Lindroos alikuwa mtu wa lami. Alifunga upande wa nchi kavu akadhani amefunga. Hakuna nyumba Lepolahti isiyo na mashua ya makasia. Asubuhi ya wajumbe, Hilkka alimwambia mumewe ashushe yao. Yeye alikaa mbele na mazulia, mumewe akapiga makasia. Nyuma yao akaja jirani yao Saimi, nyuma ya Saimi wengine, mashua zimefuatana kama bata na vifaranga, zikapita katikati ya boti nyeupe hadi gatini.

Vyuma vya kuanikia vilikuwa vimeng'olewa. Hilkka akaanika zulia lake kwenye pua ya boti kubwa kuliko zote.

Lindroos akaita polisi. Akaja Reijo, akasimama anakuna kisogo.

"Afande, watoe hawa!"

"Nianze na yupi?"

"Yule mwenye kitambaa chekundu, mwenye mdomo."

"Huyo ni mama yangu."

"Njoo unitoe, Reijo!" Saimi akapaza sauti. "Lakini kwanza shika ncha hii, limelowa, zito kama baba yako!"

Wanawake wakaangua kicheko. Reijo alivua kofia, akashika ncha. "Majini kila mtu ana haki ya kupita," alimwambia Lindroos, "na gati bado ni la mji."

Wajumbe wakafika na tai zao. Ilibidi Lindroos awafungulie kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti akatazama mazulia, povu, na birika la kahawa.

"Naona linatumika."

"Na kufuli mmeliona?" Hilkka akauliza. "Au macho yenu yanaona povu tu?"

Mwenyekiti akakohoa. "Litaondolewa, mama. Nadhani sasa utatushukuru."

"Niwashukuru? Mtu akichukua koti langu, akalirudisha, nimpe mkono?"

Hakumpa. Alipiga magoti, akaendelea kusugua.

Uzio uling'olewa kabla ya sikukuu. Gati lipo mpaka leo, na boti zipo. Zinapishana na mashua za watu, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Hilkka alifariki Februari. Kampuni ilituma shada kanisani, lenye utepe mpana: "Kwa rafiki mpendwa wa maegesho yetu." Mumewe aliusoma taratibu, herufi moja moja. Rafiki! Akatoa kisu cha samaki, akaukata utepe, akautia kwenye jiko la kuni linalopasha kanisa joto.

Maua aliyaacha kaburini. Maua hayakumkosea mtu.